Mizizi ya Mmoja, Viambishi vya Wote: Uundaji wa Maneno na Maana katika Lugha ya Kiklingoni

Mnamo mwaka 1992, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, lilianzishwa jarida dogo lililobeba jina la HolQeD. Asiyeijua lugha ya jina hilo huipata maana yake mara tu anapooneshwa sehemu zake mbili: Hol ni « lugha », QeD ni « sayansi ». HolQeD basi ni sayansi ya lugha, yaani isimu. Lugha lilimotoka neno hilo haikuwa imetimiza hata miaka kumi, na walioweza kuisema bila kufungua kamusi walikuwa wachache mno. Hata hivyo tayari ilikuwa na jina la taaluma ya kujichunguza yenyewe, jambo ambalo lugha nyingi zenye wasemaji mamilioni zimelipata kwa taabu, au hazijalipata bado.

Lugha hiyo ni Kiklingoni. Husemwa katika filamu za Kimarekani za mfululizo wa Star Trek, na wanaoisema humo ni Waklingoni, taifa la wapiganaji kutoka sayari ya kubuniwa. Kwa mtazamo wa haraka, hapana sababu ya mwanaisimu kupoteza muda wake juu ya maneno ya sinema. Lakini historia ya Kiklingoni imeweka wazi suala moja ambalo katika lugha za kawaida hujificha, nalo ni gumu kwa kila anayeshughulika na istilahi: ni nani mwenye mamlaka ya kuunda neno, na mamlaka hayo hukomea wapi? Katika Kiklingoni mzizi hutoka kwa mtu mmoja tu. Viambishi ni mali ya kila msemaji. Karibu mambo yote yaliyoipata lugha hiyo, pamoja na mabishano yake, yametokana na mgawanyo huo.

Mwanaisimu na mateka wake

Sauti za kwanza za Kiklingoni zilisikika mwaka 1979 katika filamu Star Trek: The Motion Picture. Zilikuwa amri chache za kijeshi zilizobuniwa na mwigizaji James Doohan, wala hapakuwa na sarufi nyuma yake. Filamu ya tatu ya mfululizo huo, Star Trek III: The Search for Spock, iliyotoka mwaka 1984, ilihitaji mazungumzo marefu zaidi. Kazi hiyo akapewa Marc Okrand.

Okrand alikuwa mwanaisimu kwelikweli. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoikamilisha mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, ilihusu sarufi ya Kimutsun, mojawapo ya lugha za wenyeji wa asili wa California. Bibi Ascensión Solórsano, wa mwisho kuijua lugha hiyo vema, alikuwa amefariki mwaka 1930. Hivyo Okrand hakuwahi kumsikiliza msemaji hata mmoja. Alitegemea maandishi ya mtafiti J. P. Harrington na yale ya mmisionari Felipe Arroyo de la Cuesta wa karne ya 19. Jambo hilo litarudiwa mwishoni mwa makala haya.

Alipoanza kutunga, Okrand hakuzitupa zile amri za mwaka 1979. Alizichukua kama mtafiti achukuavyo data: akaorodhesha sauti zake, akazikata silabi, kisha akajenga sarufi ambayo ingeziruhusu kuwa na maana. Amri zisizo na viambishi zilipewa nafasi yake kwa maelezo kwamba askari aliye vitani huyakata maneno. Waigizaji nao walipokosea matamshi mbele ya kamera, mara nyingine kosa lilibaki na sarufi ndiyo iliyorekebishwa. Kwa mpangilio wa sentensi alichagua ule ulio adimu sana duniani: yambwa hutangulia, kitenzi hufuata, kiima huja mwisho, kama ilivyo katika Kihixkaryana cha bonde la Amazoni nchini Brazili. Ndiyo maana puq legh yaS husomeka « ofisa anamwona mtoto », ingawa puq, « mtoto », ndilo neno la kwanza.

Kamusi yake, The Klingon Dictionary, ilichapishwa mwaka 1985 na kutolewa tena mwaka 1992 pamoja na nyongeza. Ndani yake mtunzi hajioneshi kama mtunzi. Hujifanya mtafiti wa nyanjani anayeandika yale aliyoyasikia, na baadaye Okrand amezoea kusema kwamba mtoa habari wake ni Maltz, Mklingoni aliyetekwa mwishoni mwa filamu ya 1984. Mchezo huo si wa kupuuzwa, kwa kuwa umemwezesha mtunzi kukiri mipaka ya ujuzi wake mahali ambapo angeweza kutoa amri. Kamusi inasema, kwa mfano, kwamba haijulikani kama vitenzi vyote vinaweza kutumika kama nomino. Mtu aliyeiumba lugha anaandika « haijulikani »! Kutokana na neno hilo moja ulizuka mjadala wa miaka mingi, kama itakavyoonekana.

Nomino na heshima yake

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na Kiklingoni hatajiona mgeni sana. Ni lugha ambishi bainishi: maneno yake hujengwa kwa kupachika mofimu moja baada ya nyingine, na kila mofimu huhifadhi umbo lake. Tofauti kubwa ni kwamba Kiswahili hupenda kuanzia mbele ya mzizi, hali Kiklingoni, isipokuwa kwa viambishi vya nafsi, hupachika kila kitu nyuma.

Aina za maneno ni tatu tu: DIp « nomino », wot « kitenzi », na chuvmey, yaani « mabaki », ambamo hutupwa kila kisichokuwa nomino wala kitenzi. Hakuna vivumishi. « Kubwa » na « baya » ni vitenzi: kitu hu-« kubwa », hu-« baya ».

Hakuna ngeli pia, angalau kwa maana tuliyoizoea Waswahili. Lakini wingi una viambishi vitatu, na humo mna ngeli iliyojificha: -pu' kwa viumbe wenye uwezo wa kusema, -Du' kwa viungo vya mwili, na -mey kwa vitu vingine vyote. Watoto ni puqpu'. Anayesema puqmey hajakosea sarufi, ila ameongeza maana: watoto waliotapakaa huku na huko. Vivyo hivyo kwa umilikishi. « Mwanangu » ni puqwI', lakini « nyumbani kwangu » ni juHwIj, kwa sababu -wI' imewekewa wenye kusema na -wIj imewekewa vitu. Atakayemwita mwanawe puqwIj amemshusha hadhi. Mswahili huielewa hila hiyo bila kufundishwa, maana naye humtoa mtu katika ngeli yake ya heshima na kumwita jitu au kijitu, na aliyetajwa hahitaji kufafanuliwa kwamba ametukanwa.

Ukubwa na udogo huoneshwa kwa -'a' na -Hom. SuS ni « upepo », SuS'a' ni upepo mkali, SuSHom ni upepo usiotikisa jani. Hapa pia maana hutoka nje ya vipimo: roj ni « amani », lakini rojHom, « amani ndogo », ni kusimamisha mapigano kwa muda. Kiambishi kingine, -qoq, hutia shaka ndani ya nomino yenyewe, na rojqoq ni ile « amani » inayotajwa hivyo na watu ambao msemaji hawaamini. Lugha zetu huhitaji alama za mtajo au kikohozi kwa kazi hiyo.

Nomino mbili zikiungana hupatikana nomino ya tatu. Mu' ni « neno », ghom ni « kundi », na mu'ghom ni « kamusi ». Mu'tlhegh, « mstari wa maneno », ni « sentensi ». Puqbe' ni binti na puqloD ni mwana wa kiume. Miundo hii huonesha wazi mantiki yake, kuliko hata neno letu kamusi, ambalo Kiarabu kililichukua kutoka katika jina la bahari kuu na Kiswahili kikalipokea bila bahari yake.

Kitenzi

Utajiri wa Kiklingoni umo katika kitenzi. Mbele ya mzizi hukaa kiambishi kimoja tu, lakini hicho kimoja hubeba kiima na yambwa kwa pamoja. Qalegh ni « ninakuona »: qa- ni « mimi kwako ». Mulegh ni « ananiona ». Kiswahili hutenganisha kazi hizo kwa mofimu mbili na kuweka wakati katikati. Kiklingoni hakina nyakati kabisa, kina hali tu: tendo limekwisha, linaendelea, au limefikia lengo lake.

Nyuma ya mzizi kuna nafasi tisa zilizopangwa kwa utaratibu usiovunjwa, na kila nafasi hupokea kiambishi kimoja tu. Kutokana na ghoj, « kujifunza », mtu aweza kuunda ghojqangmoHlu'pu'. Likikatwa vipande: ghoj « jifunza », -qang « kuwa tayari », -moH « kusababisha », -lu' « mtenda hatajwi », -pu' « tendo limekwisha ». Maana yake: amefanywa awe tayari kujifunza. Neno hilo halimo katika kamusi yoyote na halihitaji kuwamo. Kila aliyejifunza nafasi zile tisa atalielewa mara ya kwanza analisikia, kama vile Mswahili anavyoelewa « wameeleweshana » hata kama hajapata kuliona limeandikwa.

Baadhi ya viambishi hubeba utamaduni wa kubuniwa wa wasemaji wake. Kiambishi -vIp humaanisha « kuogopa kutenda »: choleghvIp ni « unaogopa kuniona ». Sarufi yaruhusu kukitumia kwa nafsi ya kwanza, lakini mila yakataza, kwa kuwa Mklingoni hasemi « ninaogopa ». Hapa kanuni ya isimu na kanuni ya adabu zinatengana mbele ya macho ya msomaji. Kwa mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi tofauti kati ya sentensi isiyo sahihi na sentensi isiyosemeka, mfano huu ni mwepesi kuliko mingi iliyomo vitabuni.

Vipo pia viambishi visivyo na nafasi maalumu, ambavyo vya kukanusha ndivyo muhimu zaidi. Kiambishi -be' hukanusha kile tu kilicho mbele yake kwa karibu: ghojqangbe' ni « hayuko tayari kujifunza », ilhali ghojbe'qang ni « yuko tayari kutojifunza ». Ndugu yake -Ha' hakanushi, bali hutendua au huharibu, na daima hushikana na mzizi. Chu' ni kuwasha chombo, chu'Ha' ni kukizima. Yaj ni kuelewa, yajHa' ni kuelewa visivyo. Jatlh ni kusema, jatlhHa' ni kuteleza ulimi. Sehemu moja ya kazi ya -Ha' inalingana na kauli yetu ya kutendua, ile ya funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Sehemu nyingine, ile ya kutenda vibaya, Kiswahili huiachia vielezi.

Mfano wa kukumbukwa zaidi ni par, « kutopendezwa na kitu ». Kiklingoni hakikuanza na « kupenda » kisha kukikanusha. Kilianza na chuki, na kupendezwa ni parHa', yaani kuitendua ile chuki. Ikiwa lengo la mtunzi lilikuwa kuonesha taifa linaloutazama ulimwengu kwa uadui mpaka upewe sababu ya kuacha, amelifikia kwa silabi mbili, naye hakuhitaji kueleza lolote.

Ugomvi wa -ghach

Vitenzi huzaa nomino kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni -wI', ambayo humtaja mtenda au chombo cha kutendea. Ghoj ikitiwa -moH huwa ghojmoH, « fundisha », na ikitiwa -wI' huwa ghojmoHwI', « mwalimu ». Muundo huo ni ule ule wa mfundishaji, ila umepangwa upande mmoja. Kiswahili huutenga mtu na chombo kwa ngeli: mfuaji hana hatari ya kuchanganywa na kifuniko. Kiklingoni huvitia vyote katika -wI', baHwI' (mpiga makombora) pamoja na joqwI' (bendera, yaani « kipepeacho »), halafu huvitenganisha katika wingi: baHwI'pu' lakini joqwI'mey.

Njia ya pili ni -ghach, inayounda nomino dhahania, na hii ndiyo iliyoleta ugomvi. Nyongeza ya kamusi ya mwaka 1992 ilitoa mifano michache mno. Mmoja ni naDHa'ghach, kuondolewa sifa au heshima: naD ni « sifu », -Ha' hutendua, -ghach hufanya nomino. Wanafunzi wa lugha hiyo, walioanza kuandikiana kwa wingi katika miaka ya 1990, walikuwa na njaa ya nomino dhahania. Kamusi ilikuwa na maneno ya meli, silaha na vyeo, lakini ilipungukiwa na yale ya fikra na ya nyumbani. Kwa hiyo wakaikamata -ghach na kuitia nyuma ya kila mzizi. Iliwaonekea njia iliyonyooka, kama mtu agunduaye kwamba katika Kiswahili u- hufanya udhahania, akaanza kuunda maneno usiku na mchana.

Wengine walipinga kwa hoja ya kisarufi: mifano yote ya kamusi ilikuwa na kiambishi kingine kati ya mzizi na -ghach. Je, hiyo ilikuwa kanuni, au bahati ya mifano? Mwaka 1994 Okrand aliulizwa swali hilo katika mahojiano yaliyochapishwa na HolQeD. Alijibu kwamba -ghach hukaa kwa kawaida nyuma ya kitenzi ambacho tayari kina kiambishi. Ikiwekwa juu ya mzizi mtupu, neno hueleweka, lakini husikika geni, kama neno lililozushwa kwa tukio moja na kwa makusudi. Kwa mizizi mitupu lugha ina njia nyingine, kwani mingi hutumika kama nomino bila kubadilika: QeH ni « kukasirika » na pia ni « hasira ».

Jibu hilo lilibatilisha maandishi mengi kwa siku moja. Hata hivyo halikuwa jibu la kiimla, na hapo ndipo penye thamani yake. Okrand hakusema neno hilo ni kosa. Alisema lina ladha. Alitofautisha kile ambacho sarufi inakiruhusu na kile ambacho sikio linakizoea. Kila aliyewahi kufundisha tofauti ya usomi, usomaji, somo na kisomo anafahamu kwamba uundaji wa nomino katika lugha hai haufuati mlinganyo wa hesabu. Lugha ya kutungwa ilianza kuwa na mazoea, na mazoea ni kitu ambacho mtunzi hawezi kukiandika peke yake.

Kudumu au kutodumu

Tukio la mwaka 1991 linaonesha mzizi ukizaliwa kwa shinikizo. Katika filamu Star Trek VI: The Undiscovered Country, Waklingoni wanadai kwamba Shakespeare hasomeki vizuri ila kwa Kiklingoni, ambayo kwao ndiyo lugha yake ya asili. Hivyo ilibidi jenerali wao, aliyeigizwa na Christopher Plummer, aseme maneno mashuhuri ya Hamlet kuhusu kuwa na kutokuwa. Taabu ni kwamba Okrand alikuwa ameiumba lugha isiyo na kitenzi « kuwa ». Viwakilishi ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, karibu na namna ambavyo yeye ni mwalimu husemwa kwetu bila kitenzi kamili.

Okrand alipendekeza kwanza yIn pagh yInbe', « kuishi au kutoishi ». Mwigizaji hakupendezwa na sauti yake. Ndipo mtunzi akarudi na taH pagh taHbe', akikipa kitenzi taH maana ya « kuendelea, kudumu ». Umbo hilo halikuwa geni: -taH ilikuwamo tayari katika kamusi ya 1985 kama kiambishi cha tendo linaloendelea. Katika lugha za watu safari huwa ya kinyume, kitenzi kikongwe huchakaa hadi kikawa kiambishi, kama -ta- yetu ya wakati ujao ambayo huaminika kuwa ni mabaki ya taka. Katika Kiklingoni yaonekana kana kwamba kiambishi kilirudi ujanani kikawa mzizi. Na maana iliyopatikana si tafsiri tu: swali la Hamlet limekuwa la kudumu vitani au kuacha, swali la askari.

Tamthilia nzima ilifuata. Tafsiri ya Nick Nicholas na Andrew Strader ilitolewa na Taasisi ya Lugha ya Kiklingoni mwaka 1996, kisha na mchapishaji wa kibiashara mwaka 2000. Watafsiri hao walijifunga kwa sheria ngumu: hakuna mzizi hata mmoja ambao Okrand hakuutoa. Kila dhana ya Shakespeare isiyokuwa na neno ilibidi ijengwe kwa viambishi, kwa miungano, au kwa kuzungukwa kwa maelezo.

Mizizi ni ya nani?

Sheria hiyo haikuandikwa na Okrand wala na kampuni ya filamu. Ilijiwekea yenyewe jumuiya ya wasemaji waliokusanyika katika Taasisi iliyoanzishwa mwaka 1992, ile ile iliyotoa HolQeD. Wao hukubali mizizi inayotoka kwa Okrand peke yake. Tangu 1994 hukutana kila mwaka katika qep'a', « mkutano mkuu », kutokana na qep na kile kiambishi cha ukubwa. Mikutano midogo huitwa qepHom. Huko Ujerumani mkutano mmoja mdogo ulikua hata ukaitwa qepHom'a', « mkutano mdogo mkubwa », jina linalovunja kanuni ya nafasi moja kiambishi kimoja, nao wahusika walilitunga wakijua na wakicheka. Wasemaji hupeleka orodha za maneno wanayoyahitaji, na Okrand hurudi na mizizi kadhaa. Mingi ameificha mizaha ndani yake: ghotI' ni « samaki », kutokana na mzaha wa zamani juu ya tahajia ya Kiingereza, leSpal ni ala ya nyuzi, kwa heshima ya mpiga gitaa Les Paul, chang'eng ni « jozi », kwa jina la Chang na Eng, mapacha wa Siam walioungana.

Tahadhari ya wasemaji hufika hata kwenye nafasi kati ya maneno. Nomino mbili zilizoandikwa mbalimbali, ya kwanza ikiimiliki ya pili, ni muundo huru wa kila mtu. Zikiandikwa pamoja, huwa neno la kamusi, na msemaji mwangalifu hulikwepa hadi Okrand alitumie.

Historia ya lugha za kutungwa ina mifano miwili inayosaidia kuipima hali hii. Johann Martin Schleyer, padri wa Kijerumani aliyetunga Volapük mwaka 1879, alidai kuwa na neno la mwisho juu ya kila badiliko, na harakati yake ikasambaratika ndani ya miaka michache kwa ugomvi juu ya dai hilo hilo. L. L. Zamenhof alipotoa Kiesperanto mwaka 1887 alitangaza kwamba hana haki yoyote juu yake, na lugha hiyo ingali hai. Kwa mantiki hiyo Kiklingoni kilistahili kufa. Hakikufa, na sababu moja yaweza kuwa kwamba mamlaka ya mwenye mizizi hayakudaiwa naye. Alipewa na wasemaji, nao walibakiwa na kila kingine. Kwetu hali ni tofauti kabisa: tangu Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1930 maneno mengi yamependekezwa kutoka juu, mengine yakapokewa, mengine yakabaki vitabuni, na Kiswahili cha Lubumbashi kimejichukulia maneno ya Kifaransa bila kumwomba mtu ruhusa.

Dai la umilikaji lilitokea upande mwingine. Desemba 2015, kampuni za Paramount na CBS ziliwashtaki mahakamani watayarishaji wa filamu ya wapenzi wa Star Trek iliyoitwa Axanar, na miongoni mwa vitu vilivyotajwa kuwa mali ya kampuni ilikuwamo lugha ya Kiklingoni. Mwaka 2016 chama cha watunzi wa lugha, Language Creation Society, kiliomba kusikilizwa. Kilidai kwamba kamusi yaweza kuwa na mwenyewe, lakini lugha haiwezi, kwa kuwa msemaji anapounda sentensi mpya hanakili kitu cha mtu. Waraka wake ulichanganywa na maneno ya Kiklingoni. Hoja hiyo haikuamuliwa. Kesi ilimalizwa kwa mapatano Januari 2017, na swali likabaki mezani. Mwaka uliofuata, 2018, somo la Kiklingoni lilifunguliwa katika programu ya Duolingo, na idadi ya watu wanaojaribu kupanga viambishi vile ikaongezeka.

Okrand alizaliwa mwaka 1948, na hakuna aliyewekwa rasmi kurithi kazi yake ya kutoa mizizi. Wakati huohuo, lugha aliyoisomea ujanani imepiga hatua nyingine. Tangu miaka ya 1990 wazawa wa Wamutsun wamekuwa wakiifufua lugha ya mababu zao, wakitumia maandishi ya Harrington na ile sarufi ya mwaka 1977, na mwaka 2016 ilichapishwa kamusi ya Kimutsun na Kiingereza ambayo mmoja wa watunzi wake ni mzawa mwenyewe. Nao hukutana na vitu ambavyo mababu hawakuvijua, nao hupekua mizizi waliyoachiwa na viambishi vyake ili kuvitafutia majina. Hawana wa kumpelekea orodha ya maneno yanayokosekana. Neno wanaloliunda hukubaliwa au hukataliwa na wale wanaoketi pamoja kulisema.